Paul Bomani: Mtoto wa Nassa mbele ya wahafidhina wa Washington

Septemba 1965 Watanzania walipiga kura ya kwanza ya wabunge chini ya mfumo wa chama kimoja. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja akipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Matokeo yalipotangazwa nchi ilishtuka. Waziri wa Fedha, Paul Lazaro Bomani, alikuwa ameangushwa. Na hakuangushwa ugenini. Aliangushwa Mwanza, na wakulima walewale wa pamba ambao miaka kumi kabla walikuwa wamemfuata kutoka gulio hadi gulio.

Mwalimu Nyerere hakumtupa. Alimrudisha serikalini kama Waziri wa Uchumi na Mipango ya Maendeleo, na mwaka 1972 akamtuma Washington kuwa balozi wa Tanzania nchini Marekani. Huko Bomani alikaa miaka kumi na moja, akashuhudia marais wanne wa Ikulu ya White House: Nixon, Ford, Carter na Reagan. Wachache sana kati ya mabalozi wetu wamekaa kituo kimoja muda mrefu kiasi hicho, tena katika kipindi ambacho siasa za Marekani zilikuwa zinageuka kwa kasi kuelekea mkono wa kulia.

Nimechagua kuandika juu ya Bomani wikiendi hii kwa sababu mbili. Kwanza, ni mtoto wa huku kwetu, na vijana wa Busega na Bariadi ninaozungumza nao hawamfahamu. Wengi wanalijua jina la Bomani kwa sababu ya mdogo wake, Jaji Mark Bomani, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 1965 hadi 1976 na baadaye akaongoza kamati ya Rais ya kupitia upya sekta ya madini. Pili, siku hizi habari za wahafidhina wa Marekani zinasikilizwa hadi kwenye vijiwe vya kahawa vya Lamadi, na watu wanabishana juu yao kama wanavyobishana juu ya Simba na Yanga. Wapo wanaowasifu kwa sababu ya dini, na wapo wanaowachukia kwa sababu ya Afrika. Bomani aliishi nao mji mmoja. Yeye mwenyewe, kwa tabia na malezi, alikuwa mhafidhina. Uhafidhina wake na wao ulitofautiana wapi? Hilo ndilo ninalotaka tulitazame.

Nassa na dini iliyotoka Marekani

Nassa iko kandokando ya Ghuba ya Speke, kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, kabla hujafika Lamadi. Zamani ulikuwa utemi. Baadaye ikawa tarafa ndani ya Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, na tangu 2012 imo Wilaya ya Busega, Mkoa mpya wa Simiyu, pamoja na Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya ziwa upande mmoja na mbuga za Serengeti upande mwingine, katikati pamba, mtama, mpunga na ng'ombe.

Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika hapa mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1909 waliikabidhi misheni ya Nassa kwa Africa Inland Mission, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1895 na Peter Cameron Scott. Kanisa la AIC tunalolijua leo kote Usukumani lilichipuka katika mizizi hiyo. Karibu wakati huohuo Waadventista Wasabato, kanisa lililosajiliwa rasmi Michigan mwaka 1863, walikuwa wanafungua vituo vyao kutoka Majita na Ikizu hadi ndani ya Usukuma. Kwa hiyo kabla ya redio kuingia, na kabla ya Mtanzania yeyote kwenda Washington kwa kazi ya serikali, ukanda huu wa ziwa ulikuwa umeshakutana na Marekani moja mahususi: Marekani ya vijijini, ya Biblia, isiyoonja pombe, inayoamka alfajiri na kuamini kwamba mtu asiyejua kusoma hawezi kumjua Mungu vizuri.

Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, baba yake akiwa mhubiri wa Kisabato. Shule ya msingi alisoma Nassa, katika miaka ya 1930 na mwanzo wa miaka ya 1940, kisha akaenda Ikizu kwa Wasabato. Ukitaka kumwelewa mtu huyu anza hapo. Malezi ya nyumba ya mhubiri ni malezi ya ratiba, ya daftari, ya sadaka inayohesabiwa mbele za watu na kuandikwa. Mtoto anakua akijua kwamba fedha ya kundi si yake hata kama ameishika mkononi mwake.

Mizani

Alipomaliza Ikizu alifanya kazi Mwadui, kwenye mgodi wa almasi wa Dakta Williamson, kisha akahamia Mwanza. Mwaka 1947 alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili.

Tatizo la wakati ule kila mzee wa Usukuma aliyelima pamba analijua. Viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiasia, na mawakala wao ndio walionunua magulioni. Mkulima alibeba mzigo wake kichwani, kwa baiskeli au kwa punda, akafika gulioni amechoka, akaambiwa uzito. Hakuwa na namna ya kuubisha. Kama mizani ilikuwa imechezewa, kazi ya msimu mzima, kuanzia kutifua hadi kuchuma, ilipungua hapo hapo mbele ya macho yake, naye akaweka kidole gumba kwenye karatasi na kurudi nyumbani.

Dawa iliyopatikana ilikuwa ya kawaida kabisa. Wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe karibu na magulio. Unapima kwanza kwa mtu wenu, unajua umebeba nini, ndipo unakwenda kwa mnunuzi. Hakukuwa na maandamano, wala kiwanda kuchomwa moto. Mnunuzi alijikuta tu anashughulika na mkulima ambaye ameshaujua uzito wa mzigo wake. Nadhani hakuna jambo dogo lililofanywa katika historia ya siasa za Kanda ya Ziwa likawa na matokeo makubwa kama hili. Mtu aliyegundua kwamba anaibiwa kilo mbili hawezi tena kuambiwa kwamba hajui mambo ya utawala.

Bomani aliiona nguvu iliyokuwamo humo. Mwaka 1952 kiliundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, naye akazunguka kijiji kwa kijiji kuandikisha vyama vya msingi. Serikali ya kikoloni, ambayo ilipenda ushirika kuliko siasa, ilimpeleka Uingereza kusoma chuo cha ushirika cha Loughborough. Aliporudi vyama vile vilikusanywa kuwa vyama vikuu, na mwaka 1955 vyama vikuu vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, VFCU, yeye akiwa meneja mkuu. Mwaka uliofuata shirikisho lilikuwa na kiwanda chake cha kwanza cha kuchambua pamba, Kasamwa huko Geita. Hadi kufikia 1959 karibu pamba yote ya jimbo ilikuwa inapitia kwenye ushirika. VFCU ilitajwa kuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika barani Afrika, na iliendeshwa na vijana waliosoma shule za misheni pamoja na wazee ambao wengi wao hawakusoma kabisa.

Wakati huohuo siasa zilikuwa moto. Bomani aliongoza TAA, chama kilichoitangulia TANU, katika Jimbo la Ziwa kabla TANU haijazaliwa tarehe 7 Julai 1954. Serikali ilipoizuia TANU kufanya kazi katika jimbo hili, kizuizi kilichodumu hadi 1958, ushirika ndio uliobaki kuwa mahali halali ambapo Waafrika wangeweza kukutana, kuchagua viongozi na kusimamia fedha zao. Wenzake kama Isaac Bhoke Munanka na Saadani Abdu Kandoro walikuwa na lugha kali zaidi. Bomani alikubali kuteuliwa na Gavana Twining kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na wapo waliomwona amelainika mno. Mwaka 1958, wakati maelfu ya watu wa Geita walipotembea hadi Mwanza kupinga baraza la mchanganyiko wa rangi walilolazimishwa, ilionekana wazi kwamba umma ulikuwa na hasira kuliko upole wa meneja mkuu wa VFCU.

Mimi simlaumu kwa upole ule. Aliyeandaa maandamano alihitaji ujasiri wa siku moja au wiki moja. Aliyeshika vitabu vya vyama vya msingi vilivyotapakaa jimbo zima alihitaji kuamka kila siku na kuhakikisha kwamba karani wa Nyashimo hajala fedha ya wajane. Uhuru ulihitaji watu wa aina zote mbili, na historia yetu imewakumbuka zaidi wale wa kwanza.

Kwa nini waliompenda walimwangusha

Uhuru ulipokaribia, na baada yake, alipanda haraka. Alishika Wizara ya Kilimo, kisha mwaka 1962 akawa Mwafrika wa kwanza kushika Wizara ya Fedha, akimfuata Sir Ernest Vasey. Hapo ndipo mambo yalipoanza kumgeukia. Waziri wa fedha wa nchi changa isiyo na fedha anakusanya kodi. Na ushirika aliouanzisha, ambao sasa ulikuwa mikononi mwa wengine, ulikuwa unakata makato juu ya makato kwenye bei ya pamba: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya shirikisho, ya halmashauri. Mkulima aliyefundishwa na Bomani kuangalia mizani aliangalia tena, akaona kilo zake ziko sawa lakini shilingi zinapungua njiani.

Kwa hiyo kura ya 1965 naiona kuwa matunda ya kazi ya Bomani mwenyewe. Aliwafundisha watu kudai hesabu, nao wakamdai yeye. Mwaka 1966 tume ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini na kukuta ubadhirifu, upendeleo na watumishi wengi kupita kazi. Muda mfupi baadaye serikali iliingilia uendeshaji wa VFCU, nayo ikageuka kuwa Chama cha Ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976, Bomani akiwa Washington, vyama vikuu vya ushirika vilifutwa kabisa nchini na kazi zao kupewa mamlaka za mazao za serikali. Vilirudishwa kwa sheria ya 1982. Katika miaka ile sita kiungo kilichomfanya mkulima ajione mwenye mali kilikatika, na tangu hapo hakijaunganishwa sawasawa.

Mji mmoja, wahafidhina wawili

Bomani alifika Washington mwaka 1972. Januari 1973 aliapishwa seneta mpya kutoka North Carolina, Jesse Helms, Mrepublican wa kwanza kuchaguliwa na wananchi wa jimbo hilo kuwa seneta katika karne ya 20. Nimewaweka wawili hawa pamoja kwa makusudi. Helms alizaliwa 1921, Bomani 1925. Helms alikulia Monroe, mji mdogo katika nchi ya pamba na tumbaku, nyumba ya Kibaptisti, kanisani kila Jumapili. Bomani alikulia katika nchi ya pamba pia, nyumba ya Kisabato, kanisani kila Jumamosi. Wote wawili waliamini kazi, nidhamu, familia na mali binafsi ya mtu aliyeitolea jasho. Ungewakutanisha juu ya kilimo na Biblia wangeelewana.

Lakini Helms alikuwa mtangazaji wa televisheni huko Raleigh kabla ya kuwa seneta, na kwa miaka alitumia kipaza sauti hicho kupinga sheria ya haki za raia ya 1964. Alipokuwa seneta alipinga misaada ya nje, akiilinganisha na fedha inayotupwa kwenye mashimo ya panya. Mwaka 1983 alisimama bungeni kuzuia siku ya kuzaliwa ya Martin Luther King isifanywe sikukuu ya taifa, akashindwa. Mwaka 1986 alipinga vikwazo dhidi ya makaburu wa Afrika Kusini, akashindwa tena.

Kwa balozi wa Tanzania, hayo hayakuwa habari za magazetini tu. Tangu 1971 kulikuwa na kifungu cha sheria kilichopewa jina la Seneta Harry Byrd wa Virginia, kilichoruhusu Marekani kununua kromu kutoka Rhodesia ya Ian Smith licha ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Tanzania, ambayo Mwalimu wake aliongoza Nchi za Mstari wa Mbele, ilitaka kifungu hicho kifutwe. Kilifutwa Machi 1977, Carter akiwa madarakani. Agosti mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alipokelewa Ikulu ya Washington, na kwa ubalozi ule uliokuwa na watumishi wachache ilikuwa saa ya heshima kubwa.

Wahafidhina walipinga mwelekeo huo kabla na baada ya hapo. Mwaka 1976 Henry Kissinger, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alipofika Dar es Salaam na baadaye kutoa hotuba Lusaka akiunga mkono utawala wa walio wengi Rhodesia, Ronald Reagan, aliyekuwa anashindana na Ford kuwania kugombea urais kwa tiketi ya chama chao, alimshambulia vikali, na siku chache baadaye akamshinda Ford vibaya huko Texas. Mwaka 1979, baada ya Askofu Abel Muzorewa kuwekwa kuwa waziri mkuu wa Rhodesia, Helms na wenzake walipigania vikwazo viondolewe mara moja. Carter alikataa. Septemba mwaka huo, mazungumzo ya Lancaster House yalipoanza London, wasaidizi wawili wa Helms walisafiri hadi huko, na serikali ya Uingereza ikalalamika kwamba wanawapa moyo watu wa Smith wakaze shingo. Rhodesia ilipata uhuru wake, kwa jina la Zimbabwe, tarehe 18 Aprili 1980.

Hapo ndipo naona tofauti ya wawili hawa. Helms alitetea mkulima na mfanyabiashara mdogo wa North Carolina, na alimtetea kweli, lakini utetezi huo uliishia kwenye rangi ya ngozi. Mkulima Mweusi wa jimbo lake hakuwamo, wala wa Mashonaland huko Rhodesia. Bomani alipambana na wanunuzi wa Kiasia na serikali ya Kiingereza bila kufanya rangi kuwa hoja. Alichodai ni mizani iliyo sawa kwa kila anayepima. Mtu wa pamba wa Nassa alikuwa na uhafidhina mpana kuliko seneta wa nchi tajiri kuliko zote duniani.

Kuna jambo jingine la miaka ile ambalo kila ninapolisoma linanifurahisha. Miaka ya 1960 kijana Mmarekani wa Harvard, Andrew Maguire, alikuja Usukumani kutafiti siasa za wakulima. Alizungumza na viongozi wa ushirika, wa TANU na watemi wa zamani, na mwaka 1969 kitabu chake kikachapishwa Cambridge. Hadi leo ni miongoni mwa maandishi ya kina kabisa juu ya harakati za Kanda ya Ziwa, na Bomani ni mmoja wa wahusika wake wakuu. Maguire alirudi kwao, akaingia siasa, na mwaka 1974 akachaguliwa kuwa mbunge wa New Jersey kwa chama cha Democratic. Aliapishwa Januari 1975. Kwa hiyo kwa miaka sita, katika mji uleule ambamo Helms alikuwa anaipinga Afrika, alikaa bungeni mtu aliyejua gulio ni nini, na balozi wa Tanzania alikuwa ndiye aliyeandikwa kitabuni mwake. Novemba 1980 wimbi lililomwingiza Reagan lilimtoa Maguire. Alishindwa na Marge Roukema wa Republican.

Miaka mitatu ya mwisho ya Bomani huko ilikuwa migumu. Tanzania ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, hazina tupu, na mgogoro na Shirika la Fedha la Kimataifa ulikuwa umemfanya Edwin Mtei ajiuzulu Wizara ya Fedha mwishoni mwa 1979. Reagan na watu wake walisema kila tatizo la nchi maskini litatibiwa na soko huria. Oktoba 1981 viongozi wa nchi tajiri na maskini walikutana Cancún, Mexico, nchi ambayo Bomani aliiwakilishia Tanzania pia. Reagan alikuwepo, Nyerere alikuwepo. Walitoka kila mmoja na msimamo wake. Kuhusu Namibia, sera ya Chester Crocker, msimamizi wa mambo ya Afrika katika serikali ya Reagan, ilifungamanisha uhuru wa nchi hiyo na kuondoka kwa askari wa Kuba Angola, jambo ambalo Dar es Salaam ililikataa.

Katika hoja ile ya soko, kwa maoni yangu, Bomani alikuwa na jibu ambalo hakuna upande uliolisikiliza. Alishaliona soko huria Usukumani likiwa na mizani mbovu. Na alishaiona dola ikichukua ushirika na kuukausha. Alichokijenga miaka ya 1950 hakikuwa kimojawapo kati ya viwili hivyo. Ilikuwa biashara ya wenye mali wadogo, wanaoshindana sokoni wakiwa wameshikana mikono, na wanaoweza kumfukuza meneja wao kwa kura. Mrepublican wa kweli angelipenda jambo hilo. Mjamaa wa kweli angelipenda pia.

Ni haki kusema pia jinsi Helms alivyomaliza. Mwaka 2002, akiwa mzee na mgonjwa, alikiri hadharani kwamba anaona haya kwa kutofanya vya kutosha juu ya ukimwi, akaunga mkono fedha za kuzuia watoto kuambukizwa na mama zao Afrika. Mwaka 2003 Rais George W. Bush alianzisha mpango wa PEPFAR, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kunufaika. Dawa zilizoletwa na mpango huo zimeokoa watu katika zahanati za mkoa huu wetu. Helms alifariki tarehe 4 Julai 2008. Simsamehe ya Rhodesia, lakini hili ninaliandika kwa sababu ni kweli.

Baada ya Washington

Bomani alirudi nyumbani 1983, akashika tena nyadhifa serikalini. Baada ya siasa alikuwa mwenyekiti wa bodi ya Kampuni ya Bia Tanzania katika kipindi cha ubinafsishaji, na Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1993 hadi alipofariki tarehe 1 Aprili 2005, akiwa na miaka themanini. Kwa zaidi ya mwongo mmoja kila mhitimu wa Mlimani alipata shahada yake mbele ya mtoto wa shule ya Nassa.

Simiyu imetoa mwanasiasa mwingine aliyejenga hoja yake juu ya fedha ya mwananchi wa kawaida, John Momose Cheyo wa UDP, Bwana Mapesa. Aligombea urais 1995 na 2000, kila mara akapata karibu asilimia nne ya kura, nyingi zikitoka huku. Aliahidi kuwajaza watu mapesa mifukoni, na wengi wa mijini walilipokea hilo kwa kicheko. Lakini aliingia bungeni kwa kura za Bariadi Mashariki na kuongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, akidai maelezo ya kila senti iliyopotea. Mjini hawakuelewa kwamba Usukumani fedha mfukoni si utani. Ni siasa ya tangu enzi za mizani ya Bomani.

Leo Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa pamba, ikitoa zaidi ya nusu ya zao lote. Mkulima anauza kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS. Msimu wa 2019, bei ilipowekwa shilingi 1,200 kwa kilo, wanunuzi walichelewesha malipo kwa miezi, na wapo waliosubiri mpaka msimu mwingine wa kupanda ukafika. Kilo zilikuwa zimepimwa, stakabadhi zilikuwa zimeandikwa, fedha hazikuja. Sijui jina jingine la jambo hilo isipokuwa lilelile la enzi za mizani mbovu.

Viongozi wa AMCOS wanapaswa kufundishwa historia hii kabla ya kufundishwa kujaza fomu. Bodi za vyama vyetu zichaguliwe na watu wanaosoma hesabu kwa sauti, mkutanoni, kwa Kisukuma pale ambapo Kiswahili hakieleweki. Halmashauri ya Busega ina wajibu wa kuweka jina la Paul Bomani mahali ambapo mtoto wa Nassa ataliona kila siku akienda shule.

Na wewe msomaji wa Nassa, Kalemela, Mwamagigisi au Dutwa, kama babu yako alikuwa mpimaji wa gulio, au nyumbani kuna stakabadhi ya VFCU, kitabu cha chama cha msingi au picha ya mkutano wa ushirika, usiichome wala usiifungie maandazi. Muulize mzee aliyebaki, andika majina anayoyakumbuka, kisha upeleke nakala shuleni au Makumbusho ya Wasukuma, Bujora. Fanya hivyo mwaka huu, kwa sababu waliopima pamba mwaka 1952 wamebaki wachache sana.